Mkono wa Mwayuma kwenye Barabara ya Ubundu

Tulikwenda Ubundu kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amepofuka na alitaka kuwashika wajukuu zake mikono. Sababu ni hiyo, hakuna nyingine. Mwaka ule wa maasi watu walisafiri kwa kukimbia, sisi tukasafiri kwa kwenda kusalimia, na mpaka leo nikisimulia watu hunitazama kama niliyepungukiwa akili. Bibi alituma ujumbe wa kwanza uhuru ukiwa bado mbichi, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu. Tukasema tutakwenda likizo. Akatuma wa pili, tukasema likizo ijayo. Wa tatu ulitufikia waasi wakiwa wameshaingia kwetu Kisangani, gari moshi la Ubundu limesimama, shule zimefungwa na watu wanatembea barabarani macho chini. Aliuleta mvuvi mmoja, akausema vilevile alivyopewa: "Mama anasema, kama munangoja vita iishe, mutakuja kushika kaburi."

Mume wangu Ramazani alikuwa mwokaji mikate. Tanuri yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka msikitini, na alikuwa na kamyoneti kuukuu, gari dogo la mizigo, ambayo mlangoni ilichorwa mkate mnene kama mto wa kulalia. Ramazani alikuwa mtu wa kutia chumvi katika kila habari, ila katika mkate wake aliisahau, nami sikuacha kumkumbusha. Siku ile hakutia chumvi yoyote. Alimsikiliza mvuvi, akasema, "Tutaenda." Nikasema hatuendi. Tukabishana kutwa, na jioni nikajikuta nimeanza kumfundisha binti yetu mdogo Mwayuma kuamkia.

Katika nyumba zetu za Kiislamu pale mjini, mtoto hamsalimii mkubwa kwa mdomo mtupu. Anauchukua mkono wake kwa mikono yote miwili, anaubusu, anauweka kwenye paji la uso, na hauachi mpaka mkubwa amjibu, "Mungu akukuze." Mwanangu Amisi, ambaye alikuwa darasa la tatu, aliyajua hayo zamani. Mwayuma alikuwa na meno ya maziwa yote kinywani, na alikuwa akijibusu mkono wake mwenyewe badala ya ule wa mkubwa. Basi wiki nzima nikajifanya Bibi kipofu. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikafumba macho, nikaweka mkono juu ya goti, kiganja wazi, nikangoja aseme, "Jambo, koko," maana koko ndivyo tunavyomwita babu au bibi. Akija mbio na kuuachia kabla sijajibu, namrudisha mlangoni aanze upya. Alipoelewa, hakushikika tena: alimwamkia muuza makaa, akawaamkia majirani, akamwamkia baba yake anatoka msalani na birika mkononi.

Alfajiri ya kuondoka, Ramazani aliutoa unga wa mwisho uliobaki dukani, akaoka mikate ya kuwapa watu wa vizuizi. Nilimsikia akikanda huku anaimba kwa sauti ya puani, na nikajua anaogopa, maana mume wangu haimbi akiwa na raha. Mimi nilifunga sombe ya majani ya muhogo, wali na samaki wa kupikwa ndani ya majani. Kamba ya kufungia ikanishinda, Amisi akanifungia.

Kwenye kivuko, tukivuka mto kwenda Lubunga, mama mmoja muuza kwanga za muhogo aliutazama ule mkate wa mlangoni, kisha akawatazama watoto. Akaniuliza tunaenda wapi. Nilipomjibu Ubundu, alisogea karibu akanong'ona.

"Mama, unajua habari ya dawa?"

"Nasikia sikia tu."

"Bon, sikia muzuri. Bale ba vizuizi, muganga amebaosha. Risasi ikibapiga inakuwa maji. Lakini wakiguswa na mwanamuke, dawa inakufa. Hata mutoto mwanamuke. Akiguswa anarudi kwa muganga kuoshwa tena, na muganga anamuuliza: ni nani amekugusa? Kule kwetu mama mumoja aliteleza mu matope, akakamata mukono ya mumoja wao asianguke. Alors, wakakuja kumutafuta. Hatukumuona tena."

Kivuko kilipogonga ukingo, nilikuwa nimeshawasimamisha watoto mbele yangu. Nikawaambia wakimwona mtu amevaa ngozi ya mnyama au majani kichwani, mikono nyuma, na isitoke nyuma mpaka niseme mimi. Tukafanya mazoezi palepale. Nasema, "Ngozi!", wanaficha mikono. Mwayuma alikuwa wa kwanza kila mara, na alicheka sana.

Kizuizi cha kwanza hakikuwa mbali na reli. Vijana walikuwa wengi, wenye ngozi vichwani na mikuki, na mmoja alikuwa na bunduki isiyo na mkanda. Watoto waliweka mikono nyuma bila kuambiwa. Kijana mmoja akauchukua mkate, akaunusa, akamuuliza Ramazani, "Nani amepika? Mwanamuke?" Mume wangu akasema ni yeye mwenyewe. Wakamlazimisha ale kwanza. Alikula huku jasho linamtiririka mpaka kidevuni, nao wakamtazama koo linavyopanda na kushuka. Kisha wakala. Mmoja akasema mkate hauna chumvi. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nikae chini.

Baada ya hapo msitu ulitubana pande zote mbili. Nyinyi mnaokwenda Ubundu siku hizi kwa pikipiki na kulalamika njia mbovu, sisi tulipita juu ya magogo mawili wanayoita daraja, Ramazani anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha na mimi natembea mbele kinyumenyume nikimwonyesha kwa mikono, kushoto, kulia kidogo, simama. Vijiji vingine vilikuwa wazi, kuku wanatembea, hakuna mtu. Tulipita mbele ya nyumba ambayo chungu kilikuwa bado kinatoa mvuke jikoni. Waliokuwa wakipika walisikia gari wakakimbilia msituni. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni sisi tu, watu wa mikate.

Saa sita ya mchana, baada ya kona kali, tukakuta kizuizi cha pili. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya panda mbili. Komanda, mtu mrefu mwenye miwani ya jua, alimwita Ramazani kibandani na karatasi yake ya ruhusa. Vijana wakapanda nyuma ya kamyoneti kupekua magunia. Sisi tuliambiwa tushuke tusimame kivulini. Nilimshika Mwayuma mkono wa kulia na Amisi wa kushoto. Kijana mmoja akatupa chini furushi langu la chakula, nikainama kuliokota, na kwa kuinama huko nikamwachia Mwayuma.

Chini ya paa la majani alikaa mzee mmoja kwenye kiti. Alikuwa na ndevu nyeupe. Joto lilikuwa limemfanya avue ile ngozi ya kichwani, imetundikwa mtini nyuma yake. Alikuwa amesinzia, macho yamefumba, mkono mmoja juu ya goti, kiganja wazi.

Ndivyo nilivyokuwa nikikaa mimi wiki nzima jikoni. Mtoto alifikiri tumefika.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshauchukua mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili, ameshaubusu, ameuweka kwenye paji la uso. "Jambo, koko," akasema. Na kwa kuwa nilimfundisha asiuache mpaka ajibiwe, hakuuacha.

Mzee akafumbua macho. Chale mbichi za mganga zilikuwa zimepangwa juu ya nyusi zake. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akageuza macho polepole kuwatazama vijana wa kwenye gari, nami nikaona kwamba anaogopa kama ninavyoogopa mimi. Walikuwa wametupa mgongo, wanagombania blanketi letu.

"Mama," alinong'ona, "kamata mutoto yako."

Nikamvuta. Mwayuma akang'ang'ania, akalia kwa sauti, "Bado hajajibu! Koko hajajibu!"

Kutoka kibandani komanda akauliza, "Iko nini kule?"

"Haiko kitu," mzee akasema. Alikuwa amekunja ngumi. "Mutoto ameogopa mukuki."

Komanda akatoka. Alivua miwani, akatutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mzee kwa muda mrefu zaidi. "Kuna mutu amekugusa, muzee?"

"Hapana."

"Kesho tunaenda ku vita. Kama kuna mutu amekugusa, sema sasa, muganga iko."

Nilikuwa nimembana Mwayuma uso tumboni mwangu, mdomo usitoe neno. Yule mzee alihitaji kusema maneno mawili tu ili aoshwe upya na awe salama kesho, na maneno hayo yangekuwa mwisho wa mtoto wangu. Sijapata kumwangalia mdomoni binadamu yeyote kama nilivyomwangalia yeye.

"Nimesema hapana," akajibu.

Komanda akarudi kibandani. Mzee akanyoosha vidole vyake kimoja kimoja, akakitazama kiganja chake. "Jina yake nani?" akaniuliza bila kuinua macho. Nikamwambia Mwayuma. Akatikisa kichwa. "Mukono yangu imekufa," akasema taratibu, kama mtu anayewaambia nyumbani kwake kwamba mvua inakuja. Halafu Ramazani akatoka na karatasi, gogo likainuliwa, na tukaondoka.

Kwenye gari nilingoja kona mbili ndipo nikamweleza mume wangu. Alisimamisha kamyoneti katikati ya barabara, akashuka, akazunguka gari lote, akapanda tena, akawasha. Baadaye sana akasema, "Njia ya kurudi ni hii hii." Nililijua hilo. Ndilo nililokuwa nikilitafuna tangu kwenye gogo. Mzee alikuwa amenyamaza leo, je, akipigwa risasi kesho, atanyamaza akiwa anakufa? Je, akihojiwa? Mkate uliochorwa mlangoni haukuwa na mwenzake barabara nzima, hata kipofu angetujua.

Hofu yangu yote nikaimwagia Mwayuma. "Mkono wa mtu usiuguse tena! Wa mtu yeyote! Unasikia?" Hakulia. Aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akakaa hivyo mpaka Ubundu.

Jua likiwa linateremka tuliingia Ubundu. Mabehewa yalisimama relini milango wazi, mbuzi wanalala ndani. Mama mkwe alisikia kamyoneti kabla hatujafika uani, na akawa ameshatoka kwenye baraza amenyoosha mikono yote miwili mbele. Amisi akaenda, akaamkia vizuri. Bibi akampapasa vidole, viwiko, masikio, akasema, "Mungu akukuze. Masikio ya babu yako haya, ole wako." Akacheka. Kisha akanyoosha mkono tena. "Na ule mudogo? Iko wapi? Kuja, mama."

Mwayuma akaficha mikono nyuma.

Nilimbembeleza. Nikamsukuma kidogo begani. Alipoona ninamsukuma alianza kutetemeka mwili mzima, akasema, "Tutakufa." Mkono wa Bibi ulibaki hewani unapapasa, unakosa, unapapasa tena. Nilitamani ardhi inimeze. "Batoto ya mujini," Bibi akasema hatimaye, akaushusha mkono wake, akaingia ndani.

Siku zile Ubundu tulikula samaki wabichi kutoka mtoni kila mlo, na sikuhisi ladha ya hata mmoja. Mtu akipita na baiskeli naruka. Ramazani aliificha kamyoneti nyuma ya ghala na kuupaka ule mkate matope. Mwayuma alicheza na watoto wa jirani, lakini mchezo wa kushikana mikono ukianza anakwenda kukaa pembeni. Alimzunguka Bibi kwa mbali, akimtazama. Mwisho nilishindwa, nikamweleza mama mkwe yote, tukiwa tunachambua sombe uani. Nilitegemea atalia au atanilaumu. Aliendelea kuchambua kwa vidole, jani kwa jani.

"Na muzee hakumujibu?" akauliza.

"Mama, angemjibuje? Tulikuwa tunakufa!"

"Nauliza tu. Mutoto aliamkia, hakujibiwa. Donc, iko anangoja mpaka leo. Na muzee pia, kama hajakufa, atakuwa anangoja."

Nilimwona mama mkwe wangu amezeeka vibaya. Watu wanachinjana, yeye anahesabu salamu.

Siku ya mwisho, mchana, Mwayuma alilala usingizi mzito juu ya mkeka barazani. Mkono wake ulikuwa umeteleza nje ya kanga. Bibi alimsikia anavyopumua, akasogea kwa magoti, akapapasa mkeka mpaka akaupata. Aliushika kwa muda mrefu. Alipitisha kidole chake juu ya kila kucha, akauweka mkono ule mdogo kwenye paji la uso wake yeye, bibi kwa mjukuu, kinyume kabisa cha desturi, akasema polepole asimwamshe, "Mungu akukuze, Mwayuma." Niligeuka ukutani nikalia. Karatasi yetu ya ruhusa ilikuwa inaisha, na kesho yake ilibidi turudi.

Asubuhi ya kurudi, Bibi alimkumbatia Ramazani. Nilimfunika Mwayuma kwa kitenge miguuni pangu. Kila mti mkubwa niliuona ndio ile kona. Na ilipofika kweli, Ramazani alianza kuimba kwa puani.

Kizuizini watu walikuwa wamepungua sana. Komanda alikuwa mwingine, mfupi, anachoma mahindi na vijana wachache upande wa pili wa barabara. Mmoja wao alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na damu imekauka juu yake. Wala hawakuinuka. Aliyekuja dirishani kwangu alikuwa yule mzee. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo.

"Bale walikuwa na dawa muzima, tumewazika," akasema kwa sauti ndogo. "Mie niko."

Nilikuwa nikifikiri amekuja kufanya nini: kutushitaki, au kumchukua mtoto. Mtu aliyetoka vitani salama kwa mkono ulioguswa anaweza kuuona mkono wa mwanangu kuwa ndiyo dawa yenyewe. Nikakaza magoti juu ya kitenge.

"Mwayuma iko wapi?"

Kitenge kikajifunua chenyewe. Alikuwa amesikia jina lake. Mzee akamtazama, akawapa wenzake mgongo ili mwili wake uzibe dirisha, kisha akaingiza mkono ndani, kiganja wazi.

"Ile siku sikukujibu," akamwambia. "Nimelala nayo. Niamkie, mama, nikujibu."

Mwayuma akaikalia mikono yake. Akatikisa kichwa. Machozi yalimjaa lakini hakuitoa mikono, kwa sababu mimi mama yake nilimwambia asimguse mtu yeyote, na watoto wangu ni watiifu. Ule mkono ulibaki pale katikati yetu, unangoja, kama ule wa Bibi barazani. Komanda akaita kutoka kwenye mahindi, "Muzee! Inakawia nini?"

Sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa woga wa mkono ule kuonekana. Nadhani ni vyote viwili. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, niliuchukua mkono wa yule mpiganaji kwa mikono yangu yote miwili. Nikaubusu. Ulinuka tumbaku na moshi. Nikauweka kwenye paji la uso wangu, nikasema, "Jambo, koko," na nikangoja, maana hauachwi mpaka ujibiwe.

Alichelewa kidogo.

"Mungu akukuze, mwana yangu," akasema. Kisha akamtazama Mwayuma. "Na wewe Mwayuma, Mungu akukuze. Sana." Akautoa mkono, akageuka, akapaza sauti, "Fungua! Ni batu ya mikate tu!" Gogo likainuka.

Tangu baba yangu afe hakuna aliyekuwa ameniambia Mungu anikuze. Nililia mpaka Lubunga, Ramazani akiniambia nyamaza huku naye anafuta pua kwa mkono wa shati.

Kwenye kivuko, maji yakiwa yametulia, Mwayuma alitoa mikono yake chini ya mapaja. Ilikuwa na alama nyekundu za kukaliwa. Akaitazama pande zote mbili.

"Mama," akasema, "amejibu."

Hatukumwona tena mzee yule, wala sikupata kujua jina lake, ingawa yeye alilijua la mwanangu. Bibi alifariki kabla reli haijaanza tena kufanya kazi, akiwa ameshawashika wajukuu zake wote wawili, mmoja akiwa macho na mmoja usingizini. Mwayuma alikaa muda mrefu sana kabla ya kuanza kuamkia tena, na sikumlazimisha. Kumtia hofu ile kulinichukua kona mbili za barabara, kumtoa kulinichukua miaka. Sasa ni mimi ninayekaa kwenye kiti na macho yangu yameanza ukungu. Watoto wa mtaani wanakuja mbio, wanaushika mkono, wanataka kuondoka. Nawashikilia. Nawajibu kila mmoja kwa jina lake, hata kama chungu kinaungua jikoni.